Shule Iliyofungwa na Mwalimu Asiye na Mshahara: Ufundishaji na Msaada katika Shule za Binafsi za Kenya Wakati wa Ukatizwaji wa Muda Mrefu

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna shule za binafsi zinavyoweza kurekebisha ufundishaji na huduma za msaada pale masomo yanapokatizwa kwa muda mrefu. Mfano unaochunguzwa ni kufungwa kwa shule nchini Kenya kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2021 kutokana na UVIKO-19. Hoja ya msingi ni kwamba katika shule ya binafsi ukatizwaji huvunja kwanza mnyororo unaounganisha karo, mshahara na mwalimu, na ni kupitia mnyororo huo ndipo madhara humfikia mwanafunzi. Kwa sababu hiyo, mpango wa shule haufai kupimwa kwa idadi ya vipindi vilivyorushwa mtandaoni. Kipimo chake cha kwanza ni idadi ya wanafunzi walioendelea kuwa na mwalimu anayewajua, na waliorudi milango ilipofunguliwa.

Istilahi muhimu: shule za binafsi, ukatizwaji wa masomo, karo, ujifunzaji wa mbali, umbali wa kimaingiliano

1.0 Utangulizi

Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 inagawa shule katika makundi mawili, yaani shule za umma na shule za binafsi. Ibara ya 53 ya Katiba ya mwaka 2010 haina mgawanyo huo. Inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Katika siku za kawaida pengo baina ya masharti haya mawili halionekani sana, kwani mzazi anayelipa karo huchukuliwa kuwa amechagua njia nyingine ya kutimiza haki ileile. Pengo hilo hudhihirika shule zinapofungwa. Mtoto wa shule ya binafsi hubaki na haki yake ya kikatiba, lakini taasisi iliyokuwa ikiitekeleza huweza kutoweka ndani ya muhula mmoja.

Tanbihi inahitajika kuhusu dhana yenyewe. Jina "shule ya binafsi" hukusanya taasisi zisizofanana. Zipo shule za mtaala wa kigeni zinazotoza karo kubwa. Zipo akademia za kiwango cha kati, nyingi zikiwa za bweni, zinazofuata mtaala wa kitaifa. Zipo pia shule za karo nafuu katika mitaa ya mabanda kama vile Kibera, Mathare na Mukuru jijini Nairobi, ambako shule za umma ni chache zikilinganishwa na idadi ya watoto. Kundi hili la tatu ndilo linalozingatiwa zaidi katika makala hii, kwa kuwa hapo ndipo ukatizwaji huuma zaidi na ndipo nyenzo za kukabiliana nao huwa haba.

2.0 Muktadha: Muda Usiojulikana

Tarehe 15 Machi 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa shule. Shule za kutwa zilifungwa siku iliyofuata, na za bweni zikapewa siku chache za kuwarudisha wanafunzi makwao. Mwezi Julai, Waziri wa Elimu, Profesa George Magoha, alitangaza kwamba mwaka wa masomo wa 2020 ungehesabiwa kuwa umepotea na kwamba shule zingefunguliwa Januari 2021. Hata hivyo, tarehe 12 Oktoba 2020 wanafunzi wa Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 waliitwa kurudi. Wengine wote walirejea tarehe 4 Januari 2021. Mitihani ya kitaifa ya mwaka 2020 ilifanywa kuanzia Machi 2021, na kalenda ya kawaida inayoanza Januari ilirejea mwaka 2023 tu.

Ulinganisho na nchi jirani unaonyesha jambo la msingi. Tanzania na Uganda zilifunga shule katika wiki ileile ya Machi 2020. Tanzania ilizifungua shule zote tarehe 29 Juni 2020. Uganda ilifungua kwa awamu, ikafunga tena Juni 2021, na ufunguzi kamili ukaja tarehe 10 Januari 2022. Tukio moja lililoanza kwa wakati mmoja lilidumu takriban miezi mitatu na nusu katika nchi moja, zaidi ya miezi tisa katika nyingine, na karibu miaka miwili katika ya tatu. Hakuna mwalimu mkuu ambaye angeweza kukisia muda huo mwezi Machi. Kutokana na hilo, ukatizwaji wa muda mrefu haufafanuliwi kwa urefu wake pekee. Sifa yake kuu ni kwamba walio ndani yake hawajui utakwisha lini.

Jambo hili halikukoma na UVIKO-19. Mwaka 2024 ufunguzi wa muhula wa pili nchini Kenya uliahirishwa kutoka mwisho wa Aprili hadi tarehe 13 Mei kwa sababu ya mafuriko, na mitaa ya kando ya mito ya Nairobi ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika vibaya. Ingawa kipindi hicho kilikuwa kifupi, nacho kiliahirishwa mara mbili, kila mara kwa tangazo jipya.

3.0 Mnyororo wa Karo, Mshahara na Mwalimu

Walimu walioajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu waliendelea kupokea mishahara shule zilipofungwa. Walimu wa shule za binafsi hawakuwa na kinga hiyo, kwa kuwa mshahara wao hutoka katika karo. Karo nayo hutoka kwa mzazi ambaye, katika mitaa ya kipato cha chini, mara nyingi ni kibarua au mchuuzi aliyeathiriwa na amri zilezile zilizofunga shule. Hivyo pigo moja lilipiga ncha zote za mnyororo kwa pamoja.

Hesabu rahisi inatosha kuonyesha uzito wa hali hiyo. Tuchukulie shule ya kubuni ambayo mishahara huchukua asilimia 60 ya karo yote. Nusu ya wazazi wakiacha kulipa, na nusu iliyobaki ikakubaliwa kulipa nusu ya karo, shule hupata robo ya mapato yake ya kawaida. Hata ikiacha kulipa kodi ya majengo na gharama nyingine zote, robo hiyo haifikii nusu ya mishahara. Uamuzi wa kuwaachisha walimu kazi nao una gharama. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinadai notisi ya angalau mwezi mmoja na malipo yasiyopungua ya siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika wa utumishi. Shule nyingi ziliepuka njia hiyo kwa kuwapa walimu likizo isiyo na malipo. Matokeo yake yalikuwa kwamba mwalimu alibaki kwenye orodha ya shule huku akitafuta riziki kwingineko. Katika eneo la Mwea, Kaunti ya Kirinyaga, kulikuwa na shule ambayo madarasa yake yaligeuzwa kuwa mabanda ya kuku na uwanja wake kuwa shamba la mboga.

Katika ngazi ya juu ya karo, mgogoro ulichukua sura nyingine. Wazazi walihoji iwapo somo la mtandaoni lina thamani sawa na somo la darasani, na mabishano hayo yakafika hadi Mahakama Kuu jijini Nairobi. Matukio haya mawili yana asili moja. Mkataba kati ya mzazi na shule haukuwa umesema chochote kuhusu kipindi ambacho mlango umefungwa lakini kazi inaendelea.

Kutokana na hayo, hatua ya kwanza ya kurekebisha ufundishaji ni ya kimkataba. Shule inahitaji kuandika mapema, katika fomu ya kumsajili mwanafunzi, kiwango cha karo ya kipindi cha kufungwa, huduma ambazo kiwango hicho kinagharamia, na sehemu yake inayotengwa kwa ajili ya mishahara. Gharama za usafiri, chakula na bweni huondolewa. Kinachobaki ni gharama ya mwalimu, na mzazi huelezwa hivyo waziwazi. Mzazi anayejua kwamba malipo yake madogo yanamweka mwalimu wa mwanawe kazini ana sababu ya kulipa ambayo ankara isiyo na maelezo haiwezi kumpa.

4.0 Msingi wa Kinadharia

Nadharia ya Umbali wa Kimaingiliano, iliyoasisiwa na Michael G. Moore, inasaidia kueleza kwa nini mwalimu ni muhimu kuliko chombo. Kwa mujibu wa nadharia hii, umbali katika elimu ni pengo la uelewano kati ya mwalimu na mwanafunzi, wala haupimwi kwa kilomita. Pengo hilo hutegemea vipengele vitatu: mazungumzo kati ya pande mbili, muundo wa somo, na uwezo wa mwanafunzi wa kujiongoza. Mazungumzo yakipungua na muundo ukiwa mgumu, umbali huongezeka, na mwanafunzi hulazimika kujitegemea zaidi.

Vipindi vya redio na runinga vilivyoandaliwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya vina muundo thabiti lakini havina mazungumzo. Mtoto wa miaka minane hawezi kumuuliza mtangazaji swali. Aidha, uwezo wa kujiongoza ni mdogo kwa watoto wa madarasa ya chini na kwa wale waliokuwa wakisuasua hata kabla ya shule kufungwa. Kwa hiyo chombo kinachofika mbali zaidi huweza kuwaacha nyuma walewale wanaohitaji msaada zaidi. Wajibu wa shule ni kuongeza kile ambacho redio haina, yaani mazungumzo.

5.0 Marekebisho ya Ufundishaji

5.1 Uteuzi wa chombo

Sensa ya mwaka 2019 ilibainisha kuwa asilimia 56.9 ya kaya nchini Kenya zilikuwa na redio, asilimia 40.7 runinga, asilimia 17.9 intaneti, na asilimia 8.8 kompyuta, kipakatalishi au tableti. Takwimu hizi zilijulikana kabla ya Machi 2020. Shule iliyohamishia masomo yake yote katika programu za mikutano ya video ilikuwa, kwa hesabu hiyo, inafundisha sehemu ndogo ya wanafunzi wake, isipokuwa kama ilihudumia familia zenye uwezo. Uchunguzi wa shirika la Usawa Agenda wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba ni takriban mtoto mmoja kati ya watano aliyekuwa akifikia masomo ya kidijitali.

Shule za binafsi zina rasilimali moja isiyotajwa sana, nayo ni kitabu. Tangu mwaka 2018 Serikali imekuwa ikisambaza vitabu vya kiada katika shule za umma, na kwa kawaida vitabu hivyo hutunzwa shuleni. Katika shule nyingi za binafsi, mzazi ndiye anayenunua kitabu, na hivyo kitabu huwa nyumbani. Shule ya karo nafuu ambayo watoto wake hutumia nakala kwa pamoja inaweza kugawa nakala zake siku ya kufunga badala ya kuzifungia kabatini. Kitabu kikiwa msingi, simu hutumika kumwelekeza mwanafunzi ukurasa, zoezi na siku ya kukusanya majibu, na redio hutumika kama kiambatisho.

5.2 Simu kama njia ya mazungumzo

Ushahidi kuhusu simu unahitaji kusomwa kwa uangalifu, kwa kuwa haukubaliani. Nchini Botswana mwaka 2020, Noam Angrist, Peter Bergman na Moitshepi Matsheng walilinganisha familia zilizopokea ujumbe mfupi wa hisabati pekee na zile zilizopokea ujumbe huo pamoja na simu ya kila wiki ya dakika 15 hadi 20. Kundi la pili lilipata maendeleo katika hisabati, ilhali ujumbe pekee haukuwa na athari ya kutegemewa. Jaribio la aina hiyo lilipofanywa baadaye katika nchi tano, zikiwemo Kenya na Uganda, matokeo yalielekea upande uleule.

Kinyume chake, utafiti wa Beth Schueler na Daniel Rodriguez-Segura, uliohusisha shule 105 za msingi za binafsi nchini Kenya na wanafunzi 8,319 wa Gredi ya 3 na Darasa la 5 na 6, ulipata matokeo ya kutahadharisha. Kwa wiki saba walimu walipiga simu za dakika 5 za kufuatilia kazi au za dakika 15 za kufundisha hisabati. Wanafunzi waliona kwamba walimu wanawajali zaidi. Hata hivyo, simu za ufuatiliaji hazikuinua alama, na simu za kufundisha zilihusishwa na kushuka kwa alama miongoni mwa wanafunzi waliorudi katika shule zao. Watafiti wanatoa sababu mbili. Kwanza, simu zilichukua nafasi ya matumizi mengine bora ya muda. Pili, wanafunzi wenye alama za chini, ambao wangefaidika zaidi na simu hizo, ndio waliokuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kurudi na kufanya tathmini.

Sababu ya pili ina uzito mkubwa kwa mada hii. Mtoto aliyehitaji simu zaidi ndiye aliyetoweka. Mafunzo mawili yanafuata. Simu ya kufundisha ilenge kiwango halisi cha mtoto badala ya ukurasa ambao darasa limefikia, na ipewe kwanza wale wanaosuasua. Kwa wengine, simu fupi ya kuendeleza uhusiano inatosha, na muda wao uachiwe kitabu. Kwa darasa la wanafunzi 30, simu ya dakika 15 kwa kila mmoja ni saa saba na nusu kwa wiki. Ikielekezwa kwa wanafunzi kumi wanaohitaji zaidi, ni saa mbili na nusu, muda ambao mwalimu anayelipwa nusu mshahara anaweza kuumudu.

5.3 Kupunguza mada na kupanga kwa vipindi vifupi

Kwa kuwa muda wa ukatizwaji haujulikani, mpango wa muhula mzima huwa hauna msingi. Inafaa shule ipange kwa vipindi vya wiki tatu au nne, kila kimoja kikiwa na malengo machache yanayojitosheleza na kikiishia kwa kazi inayosahihishwa. Tangazo la kufungua likija katikati, hasara huwa ya wiki chache. Katika madarasa ya chini, kipaumbele ni kusoma, kuandika na hesabu. Mtaala wa Umilisi, unaosisitiza utendaji kuliko kukariri, unaruhusu kazi za nyumbani kama vile kupima, kupika, kulima na kusimulia zihesabiwe kuwa sehemu ya somo.

6.0 Huduma za Msaada

Shule ikifungwa, mtoto hupoteza mambo mengi zaidi ya somo. Katika baadhi ya shule za mitaa ya mabanda, chakula cha mchana cha shuleni ndicho mlo wa uhakika wa siku. Mwalimu pia ni mtu mzima nje ya nyumba ambaye humwona mtoto kila siku na kugundua kwamba kuna tatizo. Shule inaweza kudumisha jicho hilo kwa kumpa kila mwalimu orodha ya watoto, na kumtaka azungumze na mtoto mwenyewe, pamoja na mzazi, angalau mara moja kwa wiki. Mtoto asiyepatikana kwa wiki mbili hutafutwa kupitia jirani au kiongozi wa mtaa. Nambari ya simu ya kuwasaidia watoto, 116, ambayo haina malipo, iandikwe katika kila karatasi inayotumwa nyumbani.

Mzazi naye anahitaji msaada unaolingana na uwezo wake. Kumtaka mzazi asiyesoma asahihishe kazi ya sarufi ni kumwaibisha mbele ya mwanawe. Kumwomba ahakikishe kwamba mtoto amesoma kwa sauti kwa dakika ishirini kila jioni ni jambo linalowezekana. Kwa mwanafunzi asiyesikia au asiyeona, redio na ujumbe wa simu huweza kutokuwa na maana yoyote, na ni lazima mpango wake uandikwe kando tangu mwanzo.

Mwalimu ndiye husahaulika zaidi. Shule isiyoweza kulipa mshahara kamili inaweza bado kulipa muda wa maongezi na data, kutoa barua ya ajira inayomwezesha kutafuta mkopo katika chama cha akiba, na kusema ukweli kuhusu mapato kila mwezi. Ukimya wa mwenye shule humfanya mwalimu aondoke mapema kuliko ambavyo upungufu wa fedha pekee ungemlazimu.

7.0 Kurejea Shuleni

Deni la karo ni kizuizi cha kwanza siku ya kufungua. Mzazi anayedaiwa karo ya miezi ambayo hakuona huduma humhamisha mtoto kimyakimya au humweka nyumbani. Shule iliyokwisha kukubaliana na wazazi kuhusu karo ya kipindi cha kufungwa haina deni la kubishania. Wiki ya kwanza itumike kuhesabu waliorudi, kwa majina, na kuwatafuta wasiorudi kabla ya kuanza mada mpya.

Tathmini ya kusoma na kuhesabu hufuata, isiyo na alama za kumpanga mtoto nafasi. Mbinu iliyoendelezwa na shirika la Pratham nchini India, ya kuwapanga watoto kwa kiwango chao cha kusoma kwa sehemu ya siku bila kujali darasa, inafaa hapa kwa kuwa haihitaji vifaa vya gharama. Inahitaji walimu wanaowajua watoto, jambo linalorejesha mjadala katika hoja ya mwanzo.

8.0 Mipaka ya Hoja

Inaweza kudaiwa kwamba shule ya binafsi ni biashara, na kwamba biashara isiyohimili msukosuko haina budi kufungwa. Dai hili lina ukweli kuhusu majengo na wenye mali. Halina ukweli kuhusu mtoto wa Mukuru ambaye shule ya umma iliyo karibu imejaa. Upande mwingine, ni kweli pia kwamba mapendekezo yaliyotolewa hapa hayawezi kuiokoa kila shule. Mkataba bora hauzalishi karo pale ambapo wazazi wote wamepoteza kazi. Katika hali hiyo, wajibu hauwezi kubaki kwa mwenye shule peke yake. Serikali inayotambua na kusajili shule hizi ina msingi wa kikatiba wa kugharamia walau uhusiano kati ya mwalimu na mtoto katika kipindi cha dharura, hata kama haigharamii shule.

9.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba ukatizwaji wa muda mrefu katika shule za binafsi za Kenya ulipita katika mnyororo wa karo, mshahara na mwalimu kabla ya kufika kwenye somo. Imeeleza kwamba marekebisho yanayofaa huanza na makubaliano ya wazi kuhusu karo, hujengwa juu ya vyombo ambavyo kaya tayari zinavyo, huelekeza mazungumzo ya mwalimu kwa mtoto anayesuasua, na hupangwa kwa vipindi vifupi. Wale waliohitaji shule zaidi mwaka 2020 ndio waliokuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kuonekana Januari 2021. Shule inayotaka kujua kama mpango wake ulifaa ianze kwa kufungua daftari la mahudhurio na kusoma majina ambayo hayakuitikiwa.